Nyonga Bandia na Baiskeli ya Mzigo

Maelekezo mengi yaliyokwisha kuandikwa kuhusu kurudi kwenye baiskeli baada ya upasuaji wa kubadilisha nyonga au goti yanamkusudia mtu wa aina moja tu, yaani mstaafu wa nchi tajiri anayepanda baiskeli nyepesi yenye gia nyingi, katika barabara ya lami, bila mzigo wowote zaidi ya chupa ya maji. Mtu huyo haonekani Moba. Katika mji huu ulio kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kusini ya Kalemie nchini Kongo, baiskeli, au kinga kama wenyeji wa Tanganyika na Katanga wanavyoiita, ni chombo cha kazi kabla ya kuwa kitu kingine chochote: juu yake hupandishwa samaki, mikebuka na ndagala, kutoka ziwani, hushushwa mihogo, mahindi na makala, yaani makaa, kutoka vijijini, na abiria hukaa nyuma kwenye keria akiwa na mtoto mgongoni na ndoo mkononi. Kwa hiyo anayejiuliza kama mwenye kiungo bandia anaweza kuendesha baiskeli tena hana budi kwanza kuuliza ni baiskeli ipi, inabeba nini, na inapita wapi, kwa sababu kupiga pedali kwenyewe ndiyo sehemu iliyo nyepesi kuliko zote katika jambo hili.

Yafaa kueleza kwanza upasuaji wenyewe. Nyonga ni kiungo ambamo kichwa cha fupa la paja, chenye umbo la mpira, huzunguka ndani ya kikombe kilichochongwa katika mfupa wa kiuno, na goti ni kiungo ambamo fupa la paja hukutana na fupa la muundi, huku pia ya goti ikiteleza kwa mbele. Ncha za mifupa hiyo hufunikwa na gegedu, yaani tabaka laini na telezi linalozuia mfupa usisagane na mfupa mwenzake. Gegedu hiyo ikilika, au mfupa ulio chini yake ukifa kwa kukosa damu, kila hatua huwa maumivu, na dawa za kutuliza hufika mahali zikashindwa. Hapo daktari wa mifupa hukata sehemu zilizoharibika na kuweka mahali pake vipande vya chuma na vya plastiki ngumu iitwayo polietilini, vikishikwa kwa saruji maalumu ya mifupa, au vikiachwa mfupa uvikumbatie wenyewe taratibu.

Njia hii si ya jana. Huko Berlin, mwanzoni mwa miaka ya 1890, Themistocles Gluck alijaribu kuweka viungo vya pembe za ndovu, na majaribio yake yaliharibika kwa sababu ya usaha na kukosa kushika. Aliyeufanya upasuaji wa nyonga kuwa tiba ya kutegemewa ni Mwingereza John Charnley, ambaye mwezi wa Novemba 1962, katika hospitali ya Wrightington huko Lancashire, alianza kutumia kichwa kidogo cha chuma ndani ya kikombe cha polietilini. Nyonga ya leo bado ni mjukuu wa nyonga hiyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya matokeo ya nchi kadhaa, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyonga bandia, kiasi cha asilimia 58, hudumu miaka 25, na kwamba magoti bandia manane hivi kati ya kila kumi hudumu muda huohuo. Hesabu hizo, hata hivyo, zilitoka katika nchi ambako wengi wa waliopasuliwa ni wazee, na hapo ndipo tofauti kubwa ya Afrika inapoanzia.

Malawi ilianzisha rejista ya taifa ya viungo bandia mwaka 2005, na kazi kubwa ya upasuaji huo ikafanyika Blantyre katika hospitali ya Beit CURE, iliyofunguliwa mwaka 2002. Kumbukumbu za huko zilidhihirisha jambo ambalo madaktari wa kanda hii walikuwa wakiliona kila siku: wagonjwa wengi wa nyonga hawakuwa wazee waliochakaa gegedu, bali watu wa umri wa kazi ambao kichwa cha fupa la paja kilikuwa kimekufa kwa kukosa damu. Visababishi vya kifo hicho cha mfupa ni vingi. Kuvunjika kwa shingo ya paja ni kimojawapo, unywaji wa pombe kupita kiasi ni kingine, na kutumia kwa muda mrefu dawa za jamii ya kotizoni ni kingine tena. Katika Kongo hakuna anayeweza kuusahau ugonjwa wa seli mundu, ambao familia nyingi huutaja kwa herufi mbili tu, SS, na ambao hufanya chembe nyekundu za damu zijipinde kama mundu, zigande katika mishipa myembamba, na kuunyima mfupa chakula. Kijana wa miaka 25 anayechechemea kwa sababu hiyo hatafuti nyonga ya kumfikisha kanisani na kumrudisha nyumbani. Anatafuta nyonga ya kumrudisha kazini, na huenda kazi yake ni baiskeli.

Upasuaji huo si wa hospitali ya teritori. Mgonjwa wa Moba huupata kwa kutoka nje ya eneo lake, kwenda miji mikubwa ya nchi, au kuvuka ziwa hadi Kigoma na kuendelea kwa safari ndefu mpaka Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, hubadilisha nyonga na magoti. Gharama na umbali hufanya wanaoupata wawe wachache, na umbali huohuo humaanisha kwamba daktari aliyepasua hatakuwa karibu siku mgonjwa atakaposhika tena usukani. Atakayeulizwa ni muuguzi wa kituo cha afya, au shemeji, au fundi wa baiskeli chini ya mwembe. Kwa ajili yao inafaa kusema kwa undani kidogo.

Katika hospitali ya Charité ya Berlin, watafiti waliwawekea wagonjwa kadhaa viungo bandia vyenye vipimo ndani yake, vinavyotuma habari za mgandamizo hadi nje ya mwili. Habari hizo zimeondoa ubishi mwingi. Mtu anapotembea kwa kawaida, nyonga na goti hubeba takriban mara mbili na nusu ya uzito wa mwili wake, na anapopanda ngazi goti hubeba zaidi ya mara tatu. Akiendesha baiskeli ya mazoezi kwa nguvu kidogo, goti hubeba uzito wa mwili mara moja na ushei tu, kwa kuwa kiti huchukua sehemu kubwa ya uzito wake. Kwa hiyo madaktari hawakosei wanapoisifu baiskeli kuliko mbio au mpira. Lakini watafiti haohao walipata kipimo kingine ambacho hakitajwi sana: mtu aliyejikwaa bila kutarajia, akajizuia asianguke, aliibebesha nyonga zaidi ya mara saba ya uzito wake. Anayeyaweka matokeo haya mawili pamoja ataona kwamba hatari ya baiskeli haimo katika mzunguko wa pedali, imo katika kukosea mguu.

Wiki sita za kwanza baada ya upasuaji kwa kawaida ni za magongo, kutembea kidogokidogo, na kulinda kidonda. Kwa mwenye goti jipya, jambo la kwanza kupigania ni kukunja. Ili pedali izunguke duara zima, goti hulazimika kukunjika kiasi cha nyuzi 105 hadi 110, ilhali siku za mwanzo wengi hukwama karibu na nyuzi 90, yaani pembe mraba. Hospitali za mijini huwa na baiskeli ya mazoezi, na vituo vya vijijini havina, lakini baiskeli nzito za Kihindi na za Kichina zilizoenea katika eneo hili zina stendi ya nyuma ambayo huinua gurudumu kutoka ardhini, na hivyo baiskeli iliyosimamishwa kwa stendi hiyo, ikafungwa kwenye nguzo ya baraza na kushikwa usukani na mtu mwenye nguvu, huwa chombo cha mazoezi kisichopungukiwa na kitu cha maana. Kiti huinuliwa juu kwanza, ili goti lisikunjwe sana. Mgonjwa huanza kwa nusu duara, mbele na nyuma, kama anayembembeleza mtoto, mpaka siku ambayo pedali itapita juu yenyewe bila kiuno kuinuka upande mmoja. Baada ya hapo kiti hushushwa kidogo, ila kisiwe chini kama wachukuzi wengi wanavyokipenda kwa sababu ya kutaka miguu ifike ardhini haraka. Kiti cha chini huongeza mgandamizo nyuma ya pia ya goti. Kipimo rahisi ni kuweka kisigino juu ya pedali iliyoko chini kabisa: mguu uwe karibu kunyooka, bila kujinyoosha kwa nguvu.

Mwenye nyonga mpya anapigania jambo tofauti. Pale daktari alipoingilia kwa nyuma ya nyonga, jambo ambalo hufanyika mara nyingi, kichwa kipya kinaweza kuchomoka katika kikombe chake kabla nyama na ngozi ya kiungo hazijashikamana, na mikao inayokichomoa inajulikana: kukunja nyonga kupita nyuzi 90, kuvusha mguu upande wa pili wa mwili, na kulipinda paja kwa ndani. Mikao hiyo hukatazwa kwa wiki sita hadi kumi na mbili, na madaktari wengine huongeza muda. Katika maisha ya Moba hii ina maana ya kutokaa kwenye kigoda kifupi, kutochutama, na kutoinama kuokota kamba iliyoanguka. Ina maana pia ya kutopanda baiskeli kwa namna ile ya kawaida, na suala hili linastahili kukaliwa kitako.

Baiskeli ya mwanamume ina bomba la juu la fremu linalofika karibu na kiuno. Asiye na mzigo huipanda kwa kukimbia nayo, mguu wa kushoto ukiwa juu ya pedali, kisha kuurusha mguu wa kulia kwa nyuma juu ya keria. Mrusho huo si mbaya kwa nyonga iliyopona, ingawa mguu wa kushoto hubeba mwili wote kwa ghafla, na aliyepasuliwa upande wa kushoto anapaswa kulifikiria hilo. Lakini keria ikiwa na gunia la makala lililosimama, njia ya nyuma imefungwa, na mpandaji hulazimika kuupitisha mguu kwa mbele, kati ya kiti na usukani, akiinua goti hadi kifuani na kulipinda ndani ili livuke bomba. Msomaji akiuangalia mwendo huo kwa makini ataona kwamba umekusanya makatazo yote matatu ya daktari katika nukta moja. Mtu anaweza kuwa ameshika miiko yote kitandani na msalani, akaja kuchomoka nyonga siku ya kwanza ya soko kabla hata gurudumu halijazunguka.

Suluhisho lipo, na halihitaji fedha nyingi. Baiskeli ya fremu ya kike, isiyo na bomba la juu, huondoa tatizo lote, na mwanamume anayeona haya kuipanda ajue kwamba haya hiyo haina matibabu yoyote ndani yake. Asiyeipata anaweza kuilaza baiskeli ubavuni, akavuka bomba likiwa chini, kisha akaiinua pamoja na mwili wake, jambo linalowezekana kwa baiskeli tupu na lisilowezekana kabisa kwa baiskeli yenye mzigo. Na anayepanda kutoka kwenye kingo ya barabara au jiwe huanza akiwa juu tayari, na vivyo hivyo huteremka mahali penye kingo. Lililo la lazima ni kwamba mpandaji achague mahali pa kusimama kabla ya kusimama.

Baada ya miezi mitatu hivi, kama kidonda kimefunga, mguu hauvimbi jioni, na mgonjwa anaweza kusimama kwa mguu uliopasuliwa bila kiuno kulala, wengi huruhusiwa kuingia barabarani. Mahali pa kuanzia Moba ni bandarini, kwenye ardhi tambarare ya ufukoni, na majira mazuri ni ya kiangazi, kati ya Mei na Septemba, wakati udongo umekauka na mifereji ya mvua inaonekana. Kirungu, juu ya mlima, ni habari nyingine. Mapadre wa Afrika, wamisionari wa Kikatoliki, walipoanzisha misheni yao mwaka 1893 waliuchagua mwinuko ulio juu ya ziwa, na mji uliokua hapo, ulioitwa Baudouinville wakati wa ukoloni, uliachia vizazi vilivyofuata mlima kati ya bandari na misheni. Ziwa liko kiasi cha meta 770 juu ya usawa wa bahari, na anayetoka huko na samaki hana ila kupanda.

Kupanda mlima huo na mzigo hakuna uhusiano na vipimo vya Berlin vya mtu aliyekaa kwenye kiti. Mchukuzi hushuka na kusukuma. Mkono mmoja hushika usukani na mwingine hushika kiti au mti uliofungwa nyuma, mwili huinama mbele, mguu wa nyuma hunyooshwa hadi mwisho na kubeba mwili pamoja na sehemu ya kilo mia moja au zaidi, juu ya changarawe inayoteleza. Hiyo ni kazi ya miguu iliyo nzito kuliko kutembea, na baiskeli ikitaka kuangukia upande wa mchukuzi, huzuiwa kwa nyonga. Hata kushuka hakuna nafuu, kwa sababu baiskeli nyingi breki zake zimekufa, na dereva husimamisha gurudumu kwa kukandamiza soli ya ndala juu ya tairi, au kwa kuburuta mguu ardhini, mguu ambao jiwe linaweza kuunasa na kuupinda huku mwili ukiendelea mbele. Mfupa unaoshika chuma cha kiungo bandia ukivunjika, hauungwi kwa banzi na bendeji. Unahitaji upasuaji mgumu kuliko ule wa kwanza, na safari ileile ya kuvuka ziwa. Kwa hiyo kati ya matumizi yote ya fedha ya mtu anayerudi kwenye baiskeli, breki mpya mbili ndizo za kwanza, kabla ya dawa ya kupaka ya aina yoyote.

Kuhusu dawa za kupaka, na zaidi kuhusu chale, neno kali linafaa. Goti jipya huwa na joto na uvimbe kwa miezi kadhaa, na baiskeli huuzidisha jioni, na hilo ni la kawaida likipungua kwa kupumzika na kuinua mguu. Ndugu wenye huruma huona uvimbe huo kuwa damu mbaya inayotakiwa kutolewa kwa wembe. Bakteria wakifika kwenye chuma hujenga utando ambao dawa hupenya kwa shida sana, na mara nyingi kiungo chote hulazimika kutolewa. Chale juu ya kiungo bandia, au sindano ya kienyeji ndani yake, ni njia fupi ya kukipoteza. Jipu na jino bovu navyo vitibiwe mapema, kwa kuwa vijidudu husafiri kwa damu. Na mwenye seli mundu anywe maji ya kutosha asubuhi kabla ya kutoka, asishindane na mlima saa sita mchana, kwani kukaukiwa na kuchoka kupita kiasi huleta maumivu makali ya ugonjwa wake, hata kama nyonga yenyewe ni nzima.

Wapo watakaouliza kama mtu anaweza kurudi kwenye baiskeli kwa nguvu zote. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Mmarekani Floyd Landis, aliyeshiriki mbio za Tour de France za 2006 akiwa na kichwa cha paja kilichokufa baada ya ajali ya mwaka 2003. Aliwekewa kofia ya chuma juu ya kichwa hicho mwezi wa Septemba 2006, akarudi kushindana mwezi wa Februari 2009. Ushindi wake wa 2006 alinyang'anywa kwa kutumia dawa zilizokatazwa, na hilo linambakia, ila nyonga haikuwa ndiyo iliyomwangusha. Tena mfano wake unathibitisha hoja iliyotangulia: mwanamichezo huyo alikuwa na baiskeli ya kilo chache, hakuwa na gunia nyuma, na alikuwa na gari la mafundi linalomfuata.

Hukumu inayotokana na haya yote ni kwamba mwenye kiungo bandia aliyepona vizuri anaweza kuendesha baiskeli tupu, na baadaye mzigo mdogo uliofungwa chini na karibu na ekseli ya nyuma, lakini kazi ya uchukuzi wa magunia kwenye mlima wa Kirungu haimfai tena, iwe baada ya miezi mitatu au miaka mitatu. Plastiki ya kiungo hulika kadiri inavyobebeshwa na kadiri mizunguko inavyoongezeka, na kijana ana miaka mingi ya kuilisha. Familia iliyochanga fedha za upasuaji ikitarajia mchukuzi arudi kama alivyokuwa inafaa ielezwe hivyo kabla ya safari ya hospitali, sio baada yake, ili baiskeli ipate mwendeshaji mwingine na mgonjwa apate kazi nyingine ya bandarini, ya kupima samaki, kuuza vipuri au kutengeneza baiskeli za wenzake.

Muuguzi anayempokea mtu wa namna hii kituoni anaombwa amwulize anabeba nini na anapita njia ipi, kabla ya kumwambia kuwa ameruhusiwa kuendesha. Na kila aliyewekewa kiungo bandia, popote alipowekewa, anaombwa asiondoke hospitalini bila karatasi yenye jina la kiungo, ukubwa wake, tarehe na upande uliopasuliwa, aifunge katika mfuko wa plastiki na kuitunza pamoja na kadi ya mpiga kura, kwa sababu daktari atakayekibadilisha kiungo hicho baada ya miaka ishirini ataihitaji.